Nimeteuliwa kuwa karani wa uchaguzi kijijini kwetu, na mgombea mmoja ni mtoto wa ami yangu

«Mwalimu, shikamoo. Mimi nafundisha chekechea katika kijiji kimoja cha Kaunti ya Kwale. Wadi yetu inafanya uchaguzi mdogo wa kumtafuta mwakilishi mpya, na jina langu limetoka katika orodha ya makarani watakaohudumu kwenye kituo cha shule yetu ya msingi, ambacho hakifikishi hata wapiga kura mia tatu. Tatizo ni kwamba mmoja wa wagombea ni mtoto wa ami yangu, na ami amekwisha kusema mbele ya watu kwamba sasa wana mtu ndani. Majirani wameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Kaka yangu ananiambia kuwa karatasi za kura zina nambari, kwa hiyo makarani hujua nani amempigia nani, na kwamba mashine ikikataa vidole vya wazee nitalaumiwa mimi. Mama yangu hajui kusoma na anataka nimwekee alama mimi. Tena sijui kama mimi mwenyewe nitapata nafasi ya kupiga kura. Je, niikubali kazi hii au niiache?»

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja, lakini nikiyasoma yote pamoja naona yanatoka kwenye hofu moja, kwamba katika kijiji ambamo kila mtu ni jamaa wa mtu haiwezekani mwenyeji akasimamia kura na bado akaaminika. Nimewafunza makarani kwa miaka kadhaa, na hofu hiyo nimeikuta zaidi katika vituo vidogo kuliko vya mjini. Mjini karani na mpiga kura hawajuani. Kwenu, utakapomwita mtu kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake, utakuwa unalijua pia jina lake la utani, deni lake la dukani na ugomvi wake wa mpaka wa shamba.

Niuanze na huo udugu, kwa sababu ndio unaokunyima usingizi. Kuwa na jamaa kwenye karatasi ya kura si kosa. Kama kila mwenye undugu na mgombea angeondolewa, vijiji vyetu vingi vya Pwani visingepata karani hata mmoja, maana mtu ukimfuatilia kwa kuumeni na kwa kukeni hukosi kumkuta ni nduguyo. Linaloharibu mambo ni undugu huo kufichwa, kisha ukagunduliwa na wakala wa mgombea mwingine saa tano za usiku, kura zikiwa mezani. Mtu anayeifanyia kazi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka anatakiwa kutangaza maslahi yanayoweza kugongana na kazi yake, na mtoto wa ami si undugu wa mbali. Kwa mila zetu huyo ni kaka yako. Kwa hiyo, kabla ya mafunzo, mwandikie barua afisa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge lenu. Barua yenyewe iwe ya mistari minne au mitano: jina lako, kituo ulichopangiwa, jina la mgombea, undugu wenu, na kwamba uko tayari kuhamishiwa kituo kingine au kuachwa kabisa akiona inafaa. Usijitetee kwa ukurasa mzima. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani na kuihifadhi.

Kuhusu ami, naelewa kwamba si rahisi kwa mtoto kumsahihisha mkubwa wake. Hata hivyo, maneno aliyoyasema mbele ya watu hayafutiki kwa jibu la kunong'onezana jikoni. Mwombe baba yako, au mzee mwingine wa ukoo ambaye ami humsikiliza, mwende pamoja, umwambie kwa adabu kwamba kazi uliyopewa ni ya tume, kwamba utakula kiapo cha kutunza siri, na kwamba maneno yale yanaweza kumdhuru mwanawe kuliko yanavyoweza kumsaidia, kwa sababu akishinda kwa kura chache, wapinzani wake watakuwa na mashahidi wa kusema kwamba alijigamba kuwa na mtu ndani. Wazee wengi hulegea wakilisikia hilo la mwisho.

Sasa hizo nambari. Kaka yako ameona jambo la kweli akalifasiri vibaya. Karatasi ya kura ina nambari, na kigutu chake kinachobaki kitabuni kina nambari hiyo hiyo. Kazi ya nambari ni kuhesabu karatasi na kuzuia karatasi za nje zisiingizwe, ndiyo maana karatasi yenye nambari isiyo ya kituo hicho hukataliwa wakati wa kuhesabu. Ili nambari imfichue mpiga kura, ingelazimu mtu aandike mahali fulani kwamba karatasi fulani alipewa fulani, na hilo halifanyiki. Unapochana karatasi huandiki jina la mtu wala nambari ya kitambulisho chake kwenye kigutu, na jina lake linapokatwa kwenye sajili iliyochapishwa, kinachoonyeshwa ni kwamba amepewa karatasi, si kwamba amepewa karatasi ipi. Huko Uingereza huwekwa orodha inayooanisha nambari ya karatasi na nambari ya mpiga kura, ikafungwa kwa lakiri na kuhifadhiwa kwa mwaka mmoja, isifunguliwe ila kwa amri. Kwetu uzi huo haupo. Mweleze kaka yako hivyo, na wewe ukiwa mezani usizisome nambari kwa sauti wala usijitie kuzikariri.

Lakini nisikudanganye kwamba siri ya kura katika kijiji kidogo haina pa kuvujia. Inavuja, ila haivujii kwenye nambari. Wapiga kura wenu wenye umri wa miaka sitini kwenda juu wanaikumbuka 1988, chama cha KANU kilipoteua wagombea wake kwa mlolongo. Watu walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea wamtakaye au wakala wake. Mwenye duka alimwona mdeni wake amesimama wapi, chifu akamwona raia wake, mume akamwona mkewe, na bado katika sehemu kadhaa aliyetangazwa mshindi alikuwa mwenye foleni fupi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 81, inataka uchaguzi uwe wa kura ya siri. Ukimwona bibi kizee anaingia kwenye kibanda cha kupigia kura huku akigeuka nyuma mara tatu, usimwone wa ajabu.

Siku ya uchaguzi, kwa hiyo, angalia kwanza kibanda kimekaa vipi. Madarasa yetu yana madirisha mapana yasiyo na vioo, na nimewahi kukuta kibanda kimewekwa kwa namna ambayo watoto waliokuwa wameparamia mwembe wa nje waliweza kuona mkono wa mpiga kura unaelekea wapi. Tulikigeuza kikaelekea ukutani, kazi ya nusu dakika. Angalia pia simu. Mtu akiingia nayo kibandani, huenda ameambiwa alete picha ya karatasi aliyoitia alama ndipo alipwe, na picha hiyo inaigeuza kura ya siri kuwa risiti. Mwarifu afisa msimamizi wa kituo kwa sauti ya chini. Usipige kelele wala usimnyang'anye mtu simu.

Uvujaji mwingine ni wa hesabu, na huu hauzuiliki kabisa. Tuseme katika kituo chenu mgombea mmoja anapata kura nne, naye ana mke, ndugu wawili na mama wanaopiga kura hapo hapo. Kijiji kizima kitaanza kuhesabu kwa vidole. Akipata tatu itakuwa balaa nyumbani kwake. Matokeo ya kila kituo lazima yatangazwe na kubandikwa hadharani, kwa hiyo dhana za watu huwezi kuzizuia. Unachoweza ni kutoongeza hata neno moja juu yake. Ukisema kwamba fulani alitoka kibandani haraka, au kwamba fulani hakuonekana kituoni siku nzima, umeshampa mtu kipande cha ushahidi anachokitafuta, hata kama hukukusudia. Kiapo cha siri utakachokula kina sheria nyuma yake na kukivunja ni kosa la jinai, lakini nadhani mahali kama kwenu kishawishi kikubwa si hongo, ni mazungumzo ya kisimani kesho yake.

Hofu ya mashine ina msingi, ingawa lawama si yako. Kifaa cha KIEMS, ambacho kimetumika tangu uchaguzi wa 2017, humtambua mpiga kura kwa alama za vidole zilizochukuliwa alipojiandikisha. Kinachosomwa ni vijistari vilivyoinuka juu ya ngozi. Mtu aliyeshika jembe miaka arobaini, au anayekuna nazi na kusuka makuti kila siku, vijistari hivyo husagika; uzee nao huikausha ngozi. Mpe mzee nafasi ya kunawa, ajifute vizuri kwa kitambaa, ajaribu kidole kingine, kisha kingine. Ikishindikana, harudishwi nyumbani. Afisa msimamizi wa kituo hutafuta jina lake kifaani kwa nambari ya kitambulisho, taarifa zake zikalinganishwa naye, na Fomu 32A ikajazwa mbele ya mawakala kueleza kwamba ametambuliwa kwa njia hiyo. Fomu hiyo ndiyo kinga yako. Karani hujiletea lawama anapokuwa na subira kwa wazee wa upande wake na haraka kwa wazee wa upande mwingine, na mawakala hulinyaka jambo hilo upesi kuliko unavyodhani. Kitambulisho kinachotakiwa ni kile alichojiandikishia, cha taifa au pasipoti. Stakabadhi ya kujiandikisha si lazima, na watu wasirudishwe kwa kuikosa.

Jioni ndipo kituo kidogo kinapopimwa. Upigaji kura hufungwa saa kumi na moja, lakini aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo hupiga kura hata ikiwa jua limezama. Kisha hufanywa hesabu ya karatasi, ambayo vitabu vya mafunzo huieleza kwa mistari miwili nami ningependa muifanye kwa saa nzima: karatasi mlizopokea lazima zilingane na zilizotolewa kwa wapiga kura, zilizoharibika kabla ya kutumbukizwa, na zilizobaki vitabuni. Chukua rula, iweke chini ya kila jina lililokatwa kwenye sajili, ushuke nayo ukurasa kwa ukurasa, mwenzako akiweka vijiti vitano vitano kwenye karatasi ya kando. Nimeona kituo kikikesha hadi adhuhuri ya siku ya pili kwa sababu ya karatasi moja iliyokuwa imenata nyuma ya nyingine kwenye kitabu, na mawakala wawili walikuwa wameshapiga simu kuwaambia wafuasi wao kwamba kura imeibwa.

Sanduku likifunguliwa, kila karatasi huonyeshwa kwa mawakala na jina la aliyepigiwa hutajwa kwa sauti. Karatasi isiyo na alama, au yenye alama kwa wagombea wawili, hukataliwa. Ile ambayo alama yake imetoka nje kidogo ya kisanduku lakini nia ya mpiga kura iko wazi haikataliwi kwa sababu hiyo pekee, na hapo ndipo ubishi huzuka. Uamuzi ni wa afisa msimamizi wa kituo, si wako, nawe usitoe maoni hata ukiulizwa. Mgombea au wakala aliyepo anaweza kuomba kura zihesabiwe tena, lakini si zaidi ya mara mbili. Kisha hujazwa Fomu 36A, ambayo ndiyo ya matokeo ya mwakilishi wadi katika kituo, ikatiwa sahihi, mawakala wakapewa nakala na nyingine ikabandikwa mlangoni.

Hapa kuna imani moja iliyoenea ambayo lazima niing'oe: wakala akikataa kutia sahihi, matokeo hayabatiliki kwa hilo tu. Anaulizwa sababu, sababu inaandikwa, kazi inaendelea. Fomu yenyewe, hata hivyo, ni jambo zito kuliko watu wanavyoidhani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni fomu za matokeo zilizokosa alama za usalama au sahihi. Kwa hiyo usikubali kamwe kutia sahihi fomu ambayo haijajazwa, hata ukiambiwa kuwa kumechelewa, gari linasubiri na itajazwa njiani.

Kura yako mwenyewe inategemea kituo. Unapiga kura pale jina lako lilipo katika sajili. Ukihudumu katika kituo hicho hicho, afisa msimamizi wa kituo atakupangia muda, kwa kawaida mapema kabla foleni haijakaza. Ukihamishiwa shule nyingine kwa sababu ya undugu wako, huenda ukaikosa. Uliza jambo hilo siku utakayopeleka barua, usingoje asubuhi ya uchaguzi.

Je, ukubali? Nikikupima kwa uliyoyaandika, ningependa ukubali lakini uhudumu katika kituo kingine cha wadi hiyo hiyo, hata ikikugharimu kura yako. Najua ni gharama. Katika uchaguzi wa wadi kura moja ina uzito ambao katika uchaguzi wa rais haina. Lakini baada ya kauli ya ami, kila utakapomsaidia mzee kupanga vidole kwenye kifaa, kuna jicho litakalotafsiri. Afisa msimamizi wa uchaguzi akikuacha hapo hapo baada ya kuisoma barua yako, si vibaya pia: umetangaza, mawakala wote wana haki ya kujua, na mwenyeji ana faida ambayo mgeni hana, kwamba anaijua sauti ya mtu aliyetishwa na anajua ni mzee gani hasikii vizuri. Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Jiulize ukiwa peke yako kama unataka mtoto wa ami yako ashinde kiasi kwamba akishindwa kwa kura mbili uso wako hautaweza kuficha. Ukiona ndivyo, iache kazi ya tume, ukawe wakala wake. Huo ni wajibu halali na wa heshima, unakaa kwenye chumba kile kile, na hakuna atakayekulaumu kwa kuwa na upande. Kisichowezekana ni kuvaa kofia zote mbili.

Yapo mambo ambayo hayangoji jibu la kuandikiwa kama hili. Mtu akikupa pesa, akikutisha, au akikuomba umpe orodha ya waliokwisha kupiga kura, nenda ana kwa ana kwa afisa msimamizi wa uchaguzi siku hiyo hiyo, na kama ni vitisho pita pia kituo cha polisi uchukue nambari ya taarifa. Na uchaguzi ukipingwa mahakamani, kesi ya wadi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, na makarani wanaweza kuitwa kutoa ushahidi. Ukipata wito, zungumza na wakili na tume kabla ya kuandika taarifa yoyote, na nakala ya ile barua yako uende nayo.

Nimebakiza la mama yako. Usimwekee alama wewe ukiwa kazini, hata kama ndiye anayekuomba na hata kama mawakala wote watasema hakuna neno. Mpiga kura asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, aliyetimiza miaka 18, asiye mgombea wala wakala, naye msaidizi hula kiapo cha siri na humsaidia mtu mmoja tu. Anaweza kuja na kaka yako, ikiwa hajawa wakala wa mtu. Asipokuwa na mtu, afisa msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala, jambo linalomaanisha kwamba watu watano au sita watajua siri yake, kwa hiyo bora aje na wake.

Ila usikimbilie kudhani kwamba hawezi. Karatasi zetu za kura zina picha ya mgombea na alama yake, na wanawake wengi wasiojua kusoma huziweka tiki zao bila msaada wowote wakishaonyeshwa mara moja. Chukua karatasi tupu nyumbani, uchore kikombe, kiti na mbuzi, kila kimoja na kisanduku chake kando, umpe kalamu aweke tiki moja tu ndani ya kisanduku, aikunje karatasi ili alama isionekane, aitumbukize kwenye sufuria. Rudieni mara tatu au nne hadi mkono uzoee, na karatasi zile usizikunjue.